Uchungu Una Saa Zake

Mara nyingi huanza usiku. Mama wa mimba ya kwanza huamka mnamo saa nane, kiuno kimembana kama siku za hedhi, akadhani ni maharage ya jioni. Hugeukia ubavu wa pili, usingizi ukaanza kurudi, kisha kile kitu kikambana tena kutoka kiunoni kuja mbele chini ya kitovu, kikakaa kidogo, kikaachia. Mama mkwe chumba cha pili ameshasikia mlango wa choo ukilia mara ya nne. "Mwanangu, vipi huko? Kimeanza?" Kufikia alfajiri nyumba ina maoni matatu. Mama mkwe anataka bajaji iitwe sasa hivi, mume anauliza kama haiwezekani kungoja kupambazuke, na jirani aliyezaa watano anasema mimba ya kwanza haina haraka, anywe chai kwanza.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, na wote wanaweza kukosea. Inategemea uchungu umefika hatua gani, na kama imo dalili mojawapo ya zile zisizongoja chai. Mjamzito aliyeyajua mambo hayo mawili mapema huingia leba akiwa na la kuuliza na la kusema.

Kadi ya kliniki ina tarehe ya makadirio, na neno la kushika hapo ni makadirio. Mkunga huipata kwa hesabu ya zamani: huchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huongeza siku 7, kisha hurudi nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Mei hutoa tarehe 17 Februari. Hesabu hiyo hudhani kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28, jambo ambalo wanawake wenyewe wanajua si kweli. Watoto wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni wachache, kama mmoja katika ishirini. Mimba hukomaa kuanzia wiki ya 37, na mtoto anaweza kuja wakati wowote baada ya hapo bila kuwa amewahi wala kuchelewa. Baba aliyeajiriwa Tanzania, ambaye sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa angalau siku 3 za likizo ya uzazi, asizichome kwa kufuata kadi. Azichukue mtoto akishafika. Ila wiki 41 zikitimia bila dalili yoyote, mama arudi kituoni, kwa sababu ndipo wauguzi huanza kufikiria kumwanzishia uchungu.

Swali la wapi pa kujifungulia huamuliwa kliniki, si usiku wa uchungu. Wajawazito wengi hawahitaji zaidi ya kituo chenye mkunga aliyesomea, maji safi na taa. Wengine wanahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea: aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha, aliyetokwa na damu nyingi uzazi uliopita, aliyekwisha kuzaa mara tano na kuendelea, na ambaye mtoto wake amekaa vibaya. Hilo la mwisho lina swali lake, nalo liulizwe bila haya mara tu mimba inapofika wiki 36: "Sista, mtoto ametanguliza nini?" Katika kila watoto 100 waliokomaa, watatu au wanne hutanguliza matako, na ni heri lijulikane mchana mama akiwa amelala kwenye kitanda cha kupimiwa kuliko saa tisa usiku mguu umeshatoka.

Kwa anayeishi mbali, safari yenyewe ni sehemu ya uzazi. Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Aina mbili za mwanzo familia inaweza kuzishughulikia. Namba ya mwenye bajaji au gari ikae kwenye simu mbili, si moja. Nauli iwekwe kando. Ijulikane nani atabaki na watoto wengine, na watajwe ndugu wawili walio tayari kutoa damu ikihitajika. Tanzania ina namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bure kuomba usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga. Mfumo huo ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Baadhi ya hospitali zina nyumba ya kusubiria, maarufu kwa jina la Chigonela, ambako mama wa kijiji cha mbali huhamia wiki chache kabla ya tarehe yake, akapika na wenzake na kungoja. Si hoteli, na wengine hulalamika kuhusu upweke na gharama ya chakula, lakini mwenye kovu la upasuaji anayeishi ng'ambo ya mto unaofurika masika afikirie mara mbili kabla ya kuikataa.

Mabadiliko yanaonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 81 katika kila 100 wa Tanzania huzaliwa katika kituo cha afya. Ule wa 2015–16 ulikuwa umetoa 63. Vifo vya uzazi katika tafiti hizohizo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

Mkoba nao uwe tayari wiki ya 36. Vingi vinajulikana: pamba, glovu, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu, wembe mpya, beseni, sabuni, ndala, chupa ya chai, kadi ya kliniki au, kwa Kenya, kijitabu cha mama na mtoto. Kinachokosewa ni kanga. Wengi hununua doti mpya kwa heshima ya mgeni, na kanga mpya ina wanga: maji huteleza juu yake kama juu ya jani la mgomba. Kanga ya kumkaushia mtoto iwe ile iliyokwishafuliwa mara nyingi hadi ikalainika, ifuliwe tena, ianikwe juani, ipigwe pasi. Zichukuliwe nne au zaidi, maana moja itatandikwa, moja itamkausha, ya tatu itamfunika, na ya nne mama atajifunga. Doti mpya ingoje siku ya kutoka. Kofia ya mtoto isisahauliwe hata kwenye joto la Tanga, kwani kichanga aliyelowa hupoteza joto upesi, sana kupitia kichwani.

Sasa turudi kwa yule aliyeamka saa nane. Kubana kwake kunaweza kuwa uchungu wa uongo, ambao huja ovyo ovyo, hukaa mbele tumboni, na huachia mama akitembea, akinywa maji au akioga maji ya uvuguvugu. Uchungu wa kweli hauna urafiki huo. Huja kwa mpangilio, kila mara ukikaribiana zaidi, ukidumu zaidi, ukikaza zaidi, na kutembea huuongeza. Njia ya kuujua ni kuupima kwa saa ya simu: tangu kubana kunapoanza hadi kubana kwingine kunapoanza ni dakika ngapi, na kila kimoja kinakaa sekunde ngapi. Mama wa mimba ya kwanza aliye karibu na kituo, mwenye afya, anaweza kukaa nyumbani hadi uchungu uje kila dakika tano au pungufu, kila mmoja ukidumu kama dakika nzima. Aliyekwisha kuzaa asingoje kiasi hicho, kwa kuwa uzazi wa pili na kuendelea hukimbia. Na aliye mbali aondoke mara tu mpangilio unapoonekana.

Ute mzito wenye michirizi ya damu humaanisha mlango wa kizazi umeanza kulainika, na unaweza kutangulia uchungu kwa saa chache au siku kadhaa. Chupa kupasuka ni habari nyingine. Maji yakitoka, yawe ya kumwagika au ya kudondoka, mama aende kituoni hata kama hana uchungu, kwa sababu mlango wa vijidudu umefunguka. Aangalie rangi na aikumbuke. Maji meupe yasiyo na harufu mbaya hayatishi. Ya kijani au ya hudhurungi yana maana mtoto ameshajisaidia humo ndani na pengine amechoka.

Kituoni neno litakalosikika kuliko yote ni senti. "Njia imefika senti tatu." Mlango wa kizazi unapaswa kufunguka hadi sentimita 10 ndipo kichwa kipite, na safari hiyo haiendi kwa mwendo mmoja. Sentimita za mwanzo ndizo zenye uvivu, na zinaweza kula usiku mzima na nusu ya mchana bila kosa lolote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linahesabu uchungu wenye kasi kuanzia sentimita 5. Kuanzia hapo kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa mimba ya kwanza, wala saa 10 kwa zinazofuata. Kwa hiyo mama anayeambiwa ana senti mbili na arudi nyumbani akatembetembee hajadharauliwa. Lakini ana haki ya kuambiwa arudi akiona nini, na aliyekuja kilomita 40 kwa bodaboda hapaswi kurudishwa barabarani. Atafutiwe benchi, kitanda, hata kivuli cha mwembe uani.

Kuna karatasi mkunga huijaza pembeni ya kitanda, yenye miraba na mistari. Asili yake ni hapahapa Afrika. Mwaka 1972 daktari Hugh Philpott, aliyekuwa akifanya kazi katika mji unaoitwa leo Harare, alichapisha pamoja na mwenzake Castle mchoro wa kuwasaidia wakunga wa zahanati za pembezoni kujua ni lini wamtume mama hospitali kubwa. Walichora mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Kwa miongo kadhaa dunia nzima ilifuata kipimo cha sentimita moja kwa kila saa. Baadaye ilionekana kwamba wanawake wengi wenye afya huenda polepole zaidi ya hapo na huzaa salama, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa karatasi mpya isiyomfunga kila mama kwa mwendo huo mmoja. Anayekaa na mzazi anaweza kuuliza kwa adabu kama karatasi inajazwa. Swali hilo halimuudhi mkunga mwema.

Kila nusu saa hivi, au chini ya hapo, mkunga ataweka tumboni kile kipembe cha mti au cha bati ngumu kilichobuniwa na Adolphe Pinard wa Paris mwaka 1895, ainamishe sikio, ashike saa, asitake kusemeshwa. Anahesabu moyo wa mtoto: mapigo 110 hadi 160 kwa dakika ndiyo kawaida. Wakati wa kusukuma husikiliza kila dakika tano.

Wakati wa uchungu mama hakatazwi kula vyakula vyepesi na kunywa, kama hana tatizo linaloelekea upasuaji: uji, chai yenye sukari, maji ya dafu. Si lazima alale chali. Kutembea, kuchuchumaa, kushika ukuta na kuyumbisha kiuno, kupiga magoti akiegemea kitanda, vyote vinaruhusiwa na husaidia kichwa kushuka. Kulala chali kwa muda mrefu hukandamiza mishipa mikubwa ya damu. Kama lazima alale, alale ubavu. Mtu wa kumsugua mgongo na kumkumbusha kupumua ana thamani kuliko watu wanavyodhani, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi awe na wa kukaa naye anayemchagua mwenyewe. Huko Kigoma shirika la Thamini Uhai lilianza kujaribu jambo hilo katika vituo vya serikali mwaka 2016, na akina mama walilipokea vizuri. Vituo vingine bado hukataa kwa sababu kitanda na kitanda havina hata pazia katikati. Ulizo lifanywe kliniki: je, mama yangu au dada yangu ataruhusiwa kuingia?

Jambo moja linafichwa mno. Katika mikoba mingi ya kujifungulia, chini ya nguo za mtoto, mna kichupa au kifurushi cha dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Wenye kuitoa si wabaya. Ni bibi na shangazi wanaotaka mwana asiteseke. Tatizo ni kipimo. Hospitalini dawa ya kuongeza uchungu hutiwa kwenye dripu na kuhesabiwa tone kwa tone, na uchungu ukizidi hufungwa palepale. Mitishamba ikishamezwa haifungiki. Mfuko wa uzazi ukibanwa mfululizo bila kupumzika mtoto hukosa hewa, na mfuko unaweza kuchanika, hasa wenye kovu. Aliyekwisha kunywa amwambie mkunga ukweli, jina la mti na saa aliyokunywa. Mkunga si polisi.

Na kuna lile la kutaja. Katika jamii nyingi za kwetu, uchungu ukikawia mwanamke huambiwa ana siri, ataje wanaume ndipo mtoto atoke. Mwanamke aliyechoka saa 15 kitandani hulazimishwa kuungama badala ya kukimbizwa hospitali. Uchungu hukawia kwa sababu nguvu za kubana ni dhaifu, au kichwa kimegeuka vibaya, au mtoto ni mkubwa kuliko nyonga. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa jina la mwanamume.

Sentimita 10 zikitimia, huja hamu ya kusukuma ambayo wengi huielezea kama kubanwa na choo kikubwa. Kabla ya hapo kusukuma ni kupoteza nguvu na kuuvimbisha mlango. Hatua hii kwa mimba ya kwanza huweza kufika saa tatu, kwa nyingine saa mbili, ingawa mara nyingi huwa fupi zaidi. Kuongezewa njia kwa mkasi si utaratibu wa kila mzazi. Hufanywa penye sababu, baada ya ganzi, na mama aelezwe. Kumkandamiza tumbo kwa mikono ili mtoto atoke hakupendekezwi kabisa, hata kama anayefanya hivyo ana haraka ya kusaidia.

Mtoto akishalia, chumba hupumua. Hapo ndipo macho yanapotakiwa kuwa makali zaidi, maana kutokwa na damu baada ya kujifungua ndiko huongoza kwa kuua wazazi. Mara baada ya kuzaa mama huchomwa sindano ya oksitosini ya uniti 10 ili mfuko ubane, kisha kondo la nyuma hutolewa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Wauguzi walipoacha kukisia damu kwa macho, wakaikinga kwenye mfuko wa plastiki wenye vipimo na kutoa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, kutokwa na damu kwingi na matokeo yake mabaya zaidi yalipungua kwa asilimia 60. Mzazi na aliye naye wanaweza kufanya sehemu yao. Chini ya kitovu paguswe: pawe pagumu kama chungwa bichi. Pakiwa laini, au kanga ikiloa chapa ndani ya muda mfupi, au mama akasema anaona giza, muuguzi aitwe kwa sauti.

Dalili nyingine zisizongoja ni hizi, na zinahusu kabla, wakati na baada ya uzazi: damu inayotiririka kabla ya mtoto kuzaliwa, homa kali, na mtoto aliyepunguza au kuacha kucheza. Kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo na uso kuvimba ni mlango wa kifafa cha mimba, ambacho si pepo na kina dawa yake, magnesiamu salfeti. Na chupa ikipasuka kisha kitovu kikatangulia kutoka, mama apige magoti, kifua na kichwa viiname chini, makalio yainuke juu, akae hivyohivyo hadi hospitali, kwa sababu kila kichwa cha mtoto kinapobana kitovu kinafunga hewa yake.

Baadhi wataishia kwenye upasuaji, na bado wapo wanaowasema kwamba hawakuzaa bali walizalishwa kwa kisu. Wenye maneno hayo hawajui historia ya maziwa makuu. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin aliona huko Bunyoro, Uganda ya leo, mganga akimpasua mzazi na kumtoa mtoto hai. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, pombe hiyohiyo ikaoshea mikono na tumbo, chuma cha moto kikazuia damu, na kidonda kikafungwa kwa sindano za chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Felkin aliandika kwamba mama alipona. Aliyepasuliwa leo ana ganzi na mshono bora, lakini aondoke na maelezo ya kwa nini alipasuliwa na kovu limekaa vipi, yaandikwe kwenye kadi, kwa sababu uzazi ujao utayahitaji.

Mtoto mwenye afya hukaushwa na kulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kitovu kikingojwa angalau dakika moja kabla ya kukatwa. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa ya njano, dang'a, ambayo bibi wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu, ndiyo kinga yake ya kwanza. Asiogeshwe kabla ya saa 24. Kitovu kisipakwe mate, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Kiachwe kikavu au kipakwe dawa iliyotolewa na kituo. Mama naye asiruhusiwe kuondoka kabla ya saa 24, hata kama anajisikia mzima na pilau inangoja nyumbani.

Nyumbani kuna uji wa pilipili manga, kuna mtori, na kuna kukandwa kwa maji ya moto. Uji na mtori haviwezi kulaumiwa. Kukandwa kumeunguza wengi, na aliyepasuliwa asikandwe kabisa. Mwenye mshono wa chini atumie maji ya uvuguvugu ya kuoshea tu. Arudi kituoni siku ya pili au ya tatu, tena wiki ya pili, tena wiki ya sita, na siku yoyote akiona homa, uchafu unaonuka, au kile kichwa kinachouma, kwani kifafa cha mimba kinaweza kumkuta hata mtoto akiwa mgongoni. Safari hizo hubeba kadi mbili: ile ya zamani yenye tarehe ya makadirio, na mpya ya mtoto, iliyokwishaandikwa uzito, saa ya kuzaliwa, na chanjo za kwanza, ya kifua kikuu na matone ya polio.